Jiko Katika Chumba cha Mashine

Siku ya tatu baada ya kumzika Bi Zuhura, mumewe, Mzee Hamisi, alituita mimi na Credo tukakae naye katika chumba cha uani nyumbani kwake Izia. Ilikuwa mwezi wa sita, na anayeijua Sumbawanga ya mwezi wa sita hataniuliza kwa nini nilivaa sweta mbili juu ya gauni la msiba. Credo alikuwa amesafiri kutoka Dodoma. Nilimwacha kijana mwembamba mwenye shingo ndefu, nikamkuta mtu mzima mwenye kitambi na miwani, anayekaa kitini kwa kujishika kiuno. Mzee, ambaye siku hizi haoni vizuri, aligonga sakafu kwa mkongojo na kumwambia mke wa mwanawe alete moto, wageni wasije wakafa kwa baridi nyumbani kwake. Jiko la mkaa likaletwa, limekolea vizuri, likawekwa katikati yetu. Hapo mimi na Credo, kila mmoja kivyake, tukageuza macho kuangalia kama dirisha liko wazi. Tulipogundua kwamba wote wawili tunatazama mahali pamoja, tulicheka. Tulicheka msibani, watu wazima na akili zetu, mpaka yule mke wa mwanawe akatoka nje kwa kutuonea aibu.

Chumba hicho nimekaa ndani yake mwaka mzima, na mwaka huo ndio ulionifanya niwe huyu niliye. Nilizaliwa na nani, nilisoma wapi, baba alikuwa na ng'ombe wangapi, hayo aulizwe yeyote kule Pito, watamweleza hata asiyotaka. Mimi nitaeleza chumba. Kabla sijakijua kilikuwa stoo ya samaki wakavu. Mzee Hamisi alikuwa mtu wa Kasanga, aliyepanda kutoka ziwani na magunia ya dagaa na migebuka, akajenga Izia, akaoa, akatajirika kiasi cha kuheshimika. Kisha ikaja ile miaka ya soko huria, simu zikaachiwa watu binafsi, kampuni zikawa zinagombania kusimamisha minara kwenye kila kilima, na mzee akasema kama serikali imeachia simu, yeye naye hakatazwi kuuza intaneti. Watu walimcheka. Yeye akaondoa samaki stoo, akapaka chokaa, akafunga dishi juu ya paa na kuajiri vijana wawili waliosomea kompyuta, Credo na mimi. Chokaa haikusaidia kitu. Samaki walikuwa wamekwisha kuingia ukutani. Chumba kikiwa na baridi hukusikia harufu yoyote, lakini kikipata joto kuta zilianza kutoa dagaa wa miaka kumi, na paka wote wa Izia walijua.

Mwaka ninaousimulia ndio mwaka mkongo ulipofika. Walichimba mtaro kandokando ya barabara ya Tunduma, wakalaza ule waya wa kioo, na ghafla njia yetu nyembamba ya dishi ikawa kitu cha kuchekesha. Kampuni kubwa ya Dar es Salaam yenye mkongo ilikuwa tayari kutuuzia njia pana, ya kasi ambayo mji huu haujawahi kuiona, nasi tuigawe kwa wateja wetu: vyuo, maduka, hoteli, ofisi mbili tatu. Lakini wao walitaka kwanza waone kama tuna ruta ya kuibeba. Ruta ni mashine inayosimama njia panda. Kila kitu kinachopita kwenye mtandao hukatwakatwa vipande vidogo, na kila kipande lazima kiulizwe kinakwenda wapi na kionyeshwe njia. Ruta zenye jina, zilizotengenezwa kwa kazi hiyo tu, ziliuzwa kwa bei ya nyumba. Mzee alizitamani kwa dhati. Alikuwa na picha ya moja ameibandika ukutani karibu na kalenda ya msikiti, na wateja wakija aliwaonyesha kama mtu anayeonyesha picha ya mchumba.

Credo alisema haina haja. Alisema kompyuta ya kawaida, hii hii ya kuchapia barua, ukiinyang'anya kioo, kibodi na mambo yote ya starehe, ukaipachika kadi mbili nzuri za mtandao na kuiwekea programu ambazo watu wanagawana bure duniani, itafanya kazi ile ile. Alinunua mbili zilizokwisha kutumika. Moja ilikuwa bado na karatasi iliyogundishwa ubavuni, "Mhasibu Msaidizi", na jina hilo likabaki. Ile nyingine tukaiita Mhasibu Mkuu, ingawa ndiyo iliyokaa akiba, tayari kushika kazi mwenzake akianguka. Wiki nyingi tulikuwa tumepiga magoti mbele ya masanduku hayo mawili. Nilijifunza kwamba mizigo mikubwa si kitu, kinachoiangusha mashine ni vipande vidogo vidogo vinavyokuja kwa wingi. Mzee alilielewa hilo kabla yangu. Alisema kuhesabu magunia ya dagaa hata mlevi anaweza, uhesabu dagaa wenyewe uone. Basi kazi yetu ilikuwa kumwezesha Mhasibu Msaidizi kuhesabu dagaa bila kuchoka. Tulizima kila kisichohitajika, tukagawa kazi ili kila kadi iwe na sehemu yake ya ubongo wa mashine, tukapima, tukavunja, tukaanza tena. Sijawahi kufurahia kazi namna ile tena, na nimefanya kazi nyingi zenye mshahara mzuri zaidi.

Adui alikuwa joto. Mashine inayofanya kazi hivyo huwaka kama mtu mwenye homa, na viyoyozi tulivisikia tu kwa watu wa Dar. Credo akasema Mungu amewapa Wafipa kiyoyozi bila kuombwa. Tukang'oa vioo vya dirisha, tukaweka wavu wa kuzuia paka, na upepo wa kutoka milima ya Mbizi ukawa unaingia upande huu na kutokea mlangoni. Sisi tulifanya kazi kwa makoti na kofia za sufu, vidole vimekufa ganzi, na mashine zikastarehe. Mtu pekee aliyependa kukaa nyuma ya mashine hizo, pale feni zinapopulizia joto nje, alikuwa Bi Zuhura. Naye alikuwa mtoto wa ziwani, na baridi yetu hakuizoea mpaka anakufa. Alikuja na kazi yake ya kufuma, akakaa kwenye kigoda mgongo ameuelekeza kwa Mhasibu Msaidizi, akaniuliza habari za kanisani kwetu na kunitania kwamba Wafipa tunalima ulezi kwa sababu hatujui utamu wa samaki. Mchana alitupikia. Ugali wa ulezi, kwa heshima yangu, na migebuka ya kukaanga, kwa heshima yake. Credo alikula vyote viwili bila kuchagua upande.

Kigoda kile ndicho kilichonifanya nisikie habari za boti. Siku moja alipanda kutoka ziwani kaka yake, Mrisho, nahodha wa boti ya mzee, mtu mkubwa mwenye sauti ya kushindana na injini. Alikuwa ameleta samaki, akamfuata dada yake alipo. Aliitazama mashine, akauliza hii ndiyo inayokula fedha za shemeji, nikasema ndiyo, akasema imenona. Kisha wakasahau kwamba nipo. Nikiwa nimeinama chini ya meza na waya mdomoni, nikasikia kwamba mzee ameamua. Wakubwa wa Dar wakija na kuzikataa kompyuta zetu, atauza *Subira*, ndiyo boti yenyewe, anunue ruta ile ya ukutani. Mnunuzi yupo Kigoma, anasubiri neno tu. Bi Zuhura alimsihi kaka yake azungumze na shemeji yake kiume. Mrisho alipojibu, sauti yake ilikuwa imeshuka sana.

"Mali ni yake, Zuhura. Lakini boti ikienda, mimi nifanye nini huku juu? Nilinde mahindi ya watu?"

Sikumwambia Credo siku ile. Nilipomwambia baadaye, alianza kupima upya kila kitu tulichokwisha kupima. Mpaka hapo ilikuwa ubishi wa mafundi, mchezo mtamu wa kuonyesha kwamba cha kawaida kinaweza. Tangu hapo tulijua kwamba kile kisanduku chenye jina la mhasibu kimebeba mtu mzima na injini yake na wavu wake. Nilianza kuota samaki.

Wageni walikuja asubuhi yenye ukungu, mwanamume na mwanamke, wahandisi wote wawili, wamevaa nguo za Dar es Salaam. Maskini, yule dada alikuwa na viatu vya wazi. Niliwasalimia, wakaitikia meno yakigongana. Walikuwa watu wa heshima, hawakudharau. Waliona karatasi ya Mhasibu Msaidizi, wakatabasamu, wakatoa kompyuta zao mpakato, moja huku na moja kule, wakaanza kurusha vile vipande vidogo kupitia mashine yetu, kwa wingi ambao sisi wenyewe hatukuwahi kuweza kuutengeneza. Kwenye kioo ukatokea mstari. Mstari ukipanda na kunyooka, tumeshinda. Ukianguka, tumekwisha. Ulipanda. Ulinyooka. Credo alinikanyaga mguu kwa furaha.

Hapo ndipo Mzee Hamisi alipoingia, akawaona wageni wake wanatetemeka. Lazima nimweleze mzee huyu vizuri. Baridi ya Ufipa aliichukulia kama adui yake binafsi aliyemkuta huku, na nyumbani kwake mgeni alipewa moto kabla hata ya maji ya kunywa. Hilo halikuwa na mjadala. Alikuwa amemfukuza kazi mlinzi kwa kumwacha mgeni asimame nje bila moto. Basi akasikitika, akaomba radhi kwa niaba yetu tusio na adabu, akaamuru jiko liletwe, kubwa, lile la karamu. Kisha kwa mkono wake mwenyewe akachukua blanketi na kuliziba dirisha, akarudisha mlango. Wageni walishukuru kutoka moyoni. Yule dada alivua viatu na kusogeza miguu karibu na makaa. Mzee akakaa, ameridhika, akaanza kuwasimulia Kasanga ya zamani.

Sasa wewe uliyelelewa mahali pengine utasema, si mngesema tu? Mngemwambia, mzee, joto linaua mashine. Ungemwambia nani? Mwenye nyumba, mbele ya wageni wake, kwamba moto aliowapa uondolewe na wao warudishiwe baridi yao? Isitoshe, ungekuwa umekiri mbele ya wakaguzi kwamba mashine yako haivumilii jiko la mkaa. Credo alilitazama lile blanketi, akanitazama mimi. Feni za Mhasibu Msaidizi zilianza kulia juu zaidi, kisha juu zaidi tena. Nikasikia harufu. Kuta zilikuwa zimeanza kutoa samaki. Yule mhandisi wa kiume alivuta pumzi, akasema inaelekea leo watakula vizuri. Mzee akacheka. Kwenye kioo, mstari ukatikisika, ukashuka kidogo, kama mtu anayesinzia kitini.

Niliomba ruhusa nikatoka, nikavuka uwanja hadi jikoni. Bi Zuhura alikuwa anageuza migebuka kwenye karai. Sikuwa na muda wa kuzunguka.

"Mama, lile jiko likiendelea kukaa mle ndani, boti inauzwa leo."

Hakuuliza maelezo. Mpaka leo namwona anavyofuta mikono kwenye kanga, polepole, huku akitazama mafuta yanavyochemka. Mwanamke yule hakuwahi kumpinga mumewe mbele ya watu, hata mbele yetu tuliokuwa kama watoto wao, na alijivunia hilo. Aliinua karai, akaliweka pembeni kabla samaki hawajaiva upande wa pili, akaniambia nibebe maji ya kunawa. Aliingia chumbani amejitanda vizuri, akapiga goti kidogo kuwasalimia wageni, akawakaribisha chakula sebuleni. Mzee akasema bado, wageni hawajamaliza kazi, chakula kisubiri. Nilidhani yameisha. Bi Zuhura akachukua vitambaa viwili, akalishika jiko masikio yote mawili, akaliinua na makaa yake.

"Kazi haipoi, Baba Salumu. Samaki wanapoa. Wageni wafuate moto wao."

Akatoka nalo. Mzee alikuwa amekunja uso namna ambayo sikuwahi kuiona, lakini angefanya nini? Asingeweza kuwaacha wageni wake mahali pasipo moto. Alisimama, akawatangulia. Yule dada alivaa viatu vyake haraka akafuata makaa kwa macho ya mapenzi. Waliacha mashine zao zinaendelea kupima. Mlango haujajifunga vizuri nyuma yao, Credo alikuwa amekwisha kuling'oa lile blanketi, na upepo wa Mbizi ukaingia chumbani kama mwenyewe. Tulisimama pale tumeshikana mikono, mimi na yeye, kitu ambacho hatukuwahi kukifanya na hatukukirudia. Mstari ulisita. Kisha ukaanza kupanda.

Sebuleni samaki walikuwa wabichi upande mmoja, na kila mtu aliwasifu. Bi Zuhura alileta pilipili, akaleta ndimu, akaleta chai ya tangawizi, akawauliza wageni habari za watoto wao mmoja mmoja kwa majina. Chakula kile kilikwenda mpaka alasiri. Waliporudi chumbani, mstari ulikuwa umenyooka toka mwanzo wa mlo hadi mwisho, isipokuwa lile bonde moja. Mhandisi wa kiume akaweka kidole kwenye bonde, akauliza hapa palikuwa na nini. Credo, ambaye hajui kusema uongo, akasema hapo palikuwa na jiko. Na hapa palipopanda? Credo akasema hapo mlikuwa mnakula. Walitazamana, wakacheka, wakaandika kwamba mashine inabeba njia yote, mradi chumba kiwe na hewa. Mzee alisikia kila neno. Aliwasindikiza wageni hadi kwenye gari, akarudi, akapita mbele yetu bila kusema kitu. Kesho yake picha ya ruta haikuwepo ukutani, na *Subira* haikuuzwa.

Mhasibu Msaidizi alibeba intaneti ya mji huu muda mrefu. Wapo mabwana na mabibi leo waliopata ajira, wachumba na vyeti kupitia kisanduku kile na hawajui. Nilidhani hadithi inaishia hapo, na kwa muda niliisimulia hivyo, kwenye karamu, ikichekesha. Katika mvua za mwaka uliofuata, upepo uliikuta *Subira* katikati ya ziwa. Walipatikana wote isipokuwa Mrisho.

Nilikwenda matanga Kasanga, nikateremka ule mlima wote na jiwe moyoni. Kama ningebaki kimya chini ya dirisha lile lililozibwa, boti ingekuwa Kigoma, mali ya mtu mwingine, na Mrisho angekuwa Izia analinda mahindi ya watu, amenuna, lakini yupo. Mimi ndiye niliyekwenda jikoni. Na yeye, dada yake, ndiye aliyebeba moto. Sikujua nitamtazamaje. Alinikalisha karibu naye mkekani, kwenye joto la kule chini ambalo mimi ndiye niliyekuwa sijalizoea, akanishika mkono, na kabla sijasema kitu akanijibu.

"Najua unachowaza, Restituta. Nami nimekiwaza. Jiko lile ningelitoa tena. Kaka yangu hakuwa mtu wa kufia shambani."

Nimeyabeba maneno hayo miaka yote hii. Kuna siku naona ni hekima, na kuna siku naona ni mama aliyemwonea huruma binti wa watu. Nilichojifunza mwaka ule hakikuwa habari za mashine, ingawa nilikula mkate kwa mashine maisha yangu yote. Nilijifunza kwamba unaweza kuokoa kitu kwa akili na kwa moyo safi, na kitu hicho kikaendelea na safari yake mwenyewe bila kukuuliza. Bi Zuhura alilijua hilo na akaendelea kupika. Mimi bado najifunza.

Basi siku ile ya tatu, tulipokwisha kucheka na kuona haya, Credo alinyanyuka kwa shida, akashika kiuno, akaanza kuinama kuelekea kwenye jiko. Nadhani mikono yake ilikuwa imekumbuka kabla yake. Chumba sasa kina kitanda cha mzee na redio tu, hakuna mashine ya kuharibika, lakini joto lilikuwa limezidi na kuta zilikuwa zimeanza. Ndiyo, baada ya miaka yote ile, dagaa. Mzee Hamisi aliinua uso, akavuta pumzi puani taratibu, na macho yake yasiyoona vizuri yakaelekea mlangoni. Hakuwahi kuizungumzia siku ile ya wageni, si kwetu, na nijuavyo, si kwa mkewe. Tuliamini hakuelewa kilichotokea, au alielewa akaona vibaya kusema.

"Liache hapo, Credo," akasema. "Wa kulitoa hayupo."